Miaka Mitano ya Kusubiri, Dakika 36 za Kusikiliza: Jinsi Kraftwerk Walivyopitwa na Watoto Wao

Leo tunarudi nyuma hadi 1986, mwaka ambao wengi wetu tunaopita hapa hatukuwepo hata kwenye mawazo ya wazazi wetu. Mnapenda singeli, mnapenda amapiano, mnapenda zile ngoma ambazo hazina gitaa wala mpiga dramu, ni mashine tu na kichwa cha prodyuza. Sasa ukifuatilia ukoo wa hiyo midundo, ukampita baba, ukampita babu, lazima utakutana na majamaa wanne wa mji wa Düsseldorf, Ujerumani, wamenyoa vizuri, mashati mekundu, tai nyeusi, wamesimama wima kama makarani wa benki wanaosubiri ukaguzi. Hao ndio Kraftwerk.

Wengi wanaowasifia hawajui kwamba kuna kipindi hawa wakongwe waliwaangusha mashabiki wao vibaya sana. Na siyo kwa sababu walikuwa wavivu. Nadhani ni kinyume chake kabisa.

Tuanze na walivyokuwa. Ralf Hütter na Florian Schneider ndio waanzilishi. Baadaye wakaungana na Wolfgang Flür na Karl Bartos, hawa wawili wakishika upande wa midundo. Walikuwa na studio yao wenyewe, Kling Klang, hapo hapo Düsseldorf, na humo ndani walikuwa wanatengeneza mpaka vyombo vyao. Kama kitu hakiuzwi dukani, wanakiunda au wanatafuta fundi awaundie. Flür alikuwa anapiga dramu za umeme kwa vijiti vya chuma miaka ambayo bendi nyingine duniani bado zinabeba madramu makubwa kwenye malori.

Na walikuwa wanatoa kazi, siyo maneno. 1974 Autobahn, albamu ya barabara kuu. 1975 Radio-Activity. 1977 Trans-Europe Express, ya treni. 1978 The Man-Machine, ya maroboti. 1981 Computer World, ya kompyuta. Hiyo ni miaka saba tu, albamu tano, na kila moja ina wazo lake moja linaloeleweka. Ukiuliza hii inahusu nini, jibu ni neno moja. Mimi naona hiyo ndiyo siri yao kubwa kuliko hata mashine.

Baada ya Computer World wakazunguka dunia. Walibeba studio nzima wakaipanga jukwaani. Walifika Japan, walifika India, walifika Poland na Hungary ambako wakati huo bendi ya Magharibi kufika ilikuwa siyo kitu cha kawaida. Halafu mapema 1982 ngoma yao The Model, ambayo ilikuwa ya tangu 1978, ikapanda hadi namba moja Uingereza. Yaani wimbo wa miaka minne nyuma unashika chati utadhani umetoka jana. Fikiria presha hapo. Dunia nzima imegeuka inawaangalia: haya, leteni kipya.

Wakaingia studio. Na hapa ndipo kisa kinapoanza.

Mwaka huo huo wa 1982, huko New York, Afrika Bambaataa na Soulsonic Force wakatoa Planet Rock, wakiwa na prodyuza Arthur Baker. Ukisikiliza ile melodi ni ya Trans-Europe Express, na ule mdundo umetoka kwenye Numbers ya Computer World. Watoto wa Bronx wamechukua kazi ya Wajerumani wanne, wameiweka kwenye mashine ya ngoma ya Roland TR-808, na mtaa mzima umesimama. Mwaka uliofuata, 1983, New Order wa Manchester wakatoa Blue Monday, ngoma ya dakika saba na ushee, na ile sauti ya kwaya unayoisikia mle ndani waliichukua kutoka kwenye wimbo wa Kraftwerk wa 1975. Kwa hiyo Kraftwerk wako studio wanatafuta sauti ya kesho, wakiwasha redio wanajisikia wenyewe, ila wanapigwa na watu wengine, tena kwa nguvu zaidi, tena kwa besi kubwa zaidi.

Sasa wewe ungefanyaje? Wengi wetu tungesema toa tu, mashabiki wanasubiri. Wao wakaamua kurekebisha.

Albamu ilikuwa na jina: Techno Pop. Kampuni ya EMI ikaitangaza, ikaipa mpaka namba yake kwenye orodha ya bidhaa, mashabiki wakajua inakuja 1983. Ila haikuja. Kilichokuja ni singo moja, Tour de France, kwa sababu Hütter alikuwa ameingia kwenye baiskeli mazima, siyo baiskeli ya kwenda dukani, hapana, baiskeli za kupanda milima. Pumzi za mpanda baiskeli ndizo zimegeuzwa kuwa mdundo kwenye ile ngoma. Kali sana, mpaka leo. Na kama una mjomba aliyecheza brekidansi enzi zake, muulize kuhusu filamu ya Breakin' ya 1984, kile kipande cha kijana anayecheza na ufagio nje ya duka. Ngoma inayopiga pale ni hiyo hiyo Tour de France. Hayo mambo ya brekidansi yalifika mpaka huku kwetu, kwa hiyo kuna wazee mtaani kwako wamecheza Kraftwerk bila kujua wanamcheza nani.

Lakini baiskeli hiyo hiyo ikaleta balaa. Katikati ya kipindi hicho Hütter alianguka, akaumia kichwa, akalazwa hospitali. Kazi ikasimama. Alipopona wakarudi mezani, na waliporudi wakakuta dunia haikuwasubiri.

Hapa naomba nikae kidogo, maana hii ndiyo sehemu ambayo watu wanaipita haraka. 1983 ndiyo mwaka ambao Yamaha walitoa DX7, kinanda cha kidijitali ambacho kila bendi ilikinunua. Mwaka huo huo ukaja mfumo wa MIDI, ambao unafanya mashine ya kampuni hii iongee na mashine ya kampuni ile. Kabla ya hapo, kuunganisha vyombo vya umeme vipige pamoja ilikuwa kazi ya mafundi, na Kraftwerk walikuwa mbele kwa sababu walikuwa na mafundi, walikuwa na studio, walikuwa na muda. Ghafla kijana yeyote mwenye mashine mbili na waya anafanya kile ambacho wao waliteseka miaka kumi kukijenga. Halafu zile TR-808 ambazo wanamuziki wakubwa walizidharau kwamba hazisikiki kama dramu za kweli, zikawa zinauzwa kwa bei ya kutupa kwenye maduka ya mitumba. Wakazinunua vijana wasio na hela.

Huko Detroit kulikuwa na mtangazaji wa redio anaitwa The Electrifying Mojo, alikuwa anapiga Kraftwerk usiku kwa watoto weusi wa mji wa viwanda vya magari. Mmoja wa waliokuwa wanasikiliza ni Juan Atkins. Akiwa na kundi la Cybotron akatoa Clear mwaka 1983 na Techno City mwaka 1984, halafu 1985 akiwa peke yake kwa jina la Model 500 akatoa No UFOs. Wenzake Derrick May na Kevin Saunderson wakafuata. Chicago nako, 1984, Jesse Saunders akatoa On and On, na mambo ya house yakaanza kuuzwa kwenye sahani.

Umeliona hilo neno? Techno. Kraftwerk walikuwa nalo kwenye jalada la albamu mwaka 1983, wakaliweka kabatini. Vijana wa Detroit nao walikuwa wamelipata kwingine, kwenye kitabu cha Alvin Toffler, wakalitumia, na leo ukisema techno mtu anafikiria Detroit au Berlin. Hakuna anayefikiria albamu ambayo haikutoka.

Huko Düsseldorf wao wanachonga tu. Wanahamisha sauti kutoka mashine za zamani kwenda za kidijitali. Hütter anapanda ndege na kanda kwenda New York kuchanganya sauti na François Kevorkian, ambaye ni mtu wa klabu haswa, anajua besi inayotikisa sakafu. Hata video ilikuwa na safari yake ndefu. Msanii wa kompyuta Rebecca Allen, aliyekuwa New York Institute of Technology, aliwatengenezea nyuso za kidijitali za hao wanne, kazi ambayo wakati ule ilikuwa kama uchawi, na kazi hiyo nayo ikakaa kusubiri albamu iishe.

(Tuna msanii wetu hapa, jina nalihifadhi, ambaye albamu yake "inamaliziwa" tangu niko kidato cha pili. Kila mwaka anaweka picha yuko studio na hedifoni shingoni. Kaka, soma hii.)

Mwishoni mwa 1986 ikatoka. Jina wamebadilisha, sasa ni Electric Café. Nyimbo sita. Dakika kama 36 hivi. Miaka mitano na miezi kadhaa, dakika 36.

Na upande wa kwanza, ukisema ukweli, ni ngoma moja iliyokatwa vipande vitatu: Boing Boom Tschak, Techno Pop na Musique Non Stop. Mdomo unatoa sauti za dramu, kompyuta inarudia, mdundo unaendelea. Mimi upande huo naupenda. Ukiuweka kwenye spika nzuri usiku, ni msafi kama sahani iliyooshwa sasa hivi, hakuna sauti hata moja iliyokaa mahali pasipo pake. Ila naelewa kwa nini mtu wa 1986 alikasirika. Alitarajia barabara mpya, treni mpya, wazo jipya. Albamu hii inahusu nini? Huwezi kujibu kwa neno moja. Inahusu muziki unaoendelea. Basi.

Upande wa pili kuna The Telephone Call, na hapo ndipo Karl Bartos alipopewa kuimba mwenyewe. Anampigia mtu simu, hampati. Ni wimbo wenye moyo kuliko mwingine wowote mle ndani, na unachekesha kidogo kwamba moyo huo umetoka kwa mtu ambaye siyo bosi. Sex Object sitaki kuitetea. Wimbo wenyewe wa Electric Café ni mzuri lakini umekuja kama chai iliyopoa.

Chati hazikuwaonea huruma. Computer World ilifika namba 15 Uingereza, hii ikaishia 58. Tuwe wa haki, kwenye chati ya klabu za dansi Marekani Musique Non Stop na The Telephone Call zote zilipanda mpaka juu kabisa, kwa hiyo madijei walielewa. Ila Januari 1987, wiki chache tu baada ya albamu, namba moja ya Uingereza ilikuwa Jack Your Body ya Steve "Silk" Hurley kutoka Chicago. Ngoma ya house, mashine tupu, maneno hayajazi hata kiganja. Mjukuu kamketisha babu.

Watu wengi husema Electric Café ni albamu mbovu. Mimi sikubaliani. Ingetoka 1983 kwa jina lake la kwanza, hata ikiwa na makosa, leo tungekuwa tunaisema kwa heshima kama tunavyosema Computer World. Tatizo siyo kilichomo, tatizo ni tarehe. Walipokuwa wanaifuta na kuiandika upya ili isipitwe na wakati, ndivyo wakati ulivyokuwa unawapita.

Na gharama haikuwa ya chati tu, ndiyo maana nimeandika haya yote. Wolfgang Flür alikuwa mpiga midundo, na midundo sasa ilikuwa inapangwa ndani ya mashine. Mtu anafika kazini, kazi yake haipo. Akaondoka, hakurudi tena. Bartos alivumilia mpaka 1990, akaondoka naye. Angalia hesabu yake: kati ya 1981 na 1990, miaka ambayo mwanamuziki ana nguvu zote, bendi ilitoa singo moja na albamu moja ya nyimbo sita. Mtu aliyeshiriki kuandika The Model na Numbers. Miaka tisa ya kusubiri mlango wa Kling Klang ufunguliwe na mtu mwingine.

Waliobaki wakatoa The Mix mwaka 1991, nyimbo za zamani zimepangwa upya, halafu kimya kirefu hadi 2003 walipotoa albamu nzima ya baiskeli, Tour de France Soundtracks. Florian Schneider aliondoka kwenye kundi 2008 na akafariki 2020. Hütter bado anazunguka na jukwaa lake la picha za 3D, na tiketi zinaisha.

Mwaka 2009 walitoa upya albamu zao kuanzia Autobahn zikiwa zimesafishwa sauti. Ile ya 1986 ilirudi madukani pia, wakaongeza House Phone, wakaikata The Telephone Call ikawa fupi. Jina la Electric Café wakalifuta kwenye jalada. Wakaandika Techno Pop.