Nyumba Zinazoinama Pichani Biashara Street

Kaunti ya Mombasa ilipoagiza mwaka 2018 majengo ya katikati ya mji na Mji wa Kale yapakwe nyeupe na buluu, watu waligombania rangi. Hakuna aliyeuliza sura za nyumba hizo zimehifadhiwa wapi kabla ya brashi kupita, na kabla ya tingatinga.

Jaribu kupiga picha ghorofa ya Biashara Street. Mtaa ni mwembamba, kurudi nyuma huwezi, basi unaielekeza simu juu uipate roshani. Papo hapo kuta zinaegemeana kama zinazotaka kuanguka. Muuza kanga wa mtaa huu, walipo Kaderdina Hajee Essak wenye chapa ya kanga ya "Mali ya Abdulla", hakubali pindo lililokwenda mshazari hata kidogo. Picha ya duka lake lililopinda, ataitundika ukutani bila neno.

Dawa yake ni ya kale. Kamera za mvukuto, za zama ambazo William Young alikuwa akipiga picha za ujenzi wa reli ya Uganda, ziliweza kusimama wima huku lenzi pekee ikipandishwa. Kioo cha picha kikibaki sambamba na ukuta, ukuta nao hubaki wima.

Kuinamisha lenzi ni kisa kingine, na hapo ndipo penye dhuluma. Kanuni yake inasema bapa la lenzi, bapa la filamu na bapa la kile kinachoonekana kwa ukali vikutane kwenye mstari mmoja. Ukiifuata, safu nzima ya maduka, la karibu hadi la mwisho, hutoka bila ukungu. Duniani kote inaitwa kanuni ya Scheimpflug, afisa wa jeshi la Austria aliyetaka kunyoosha picha zilizopigwa angani kutoka kwenye maputo. Hataza yake ya Uingereza ni ya 1904. Lakini Mfaransa Jules Carpentier, yule yule aliyewaundia ndugu Lumière mashine yao ya sinema, alikuwa na hataza yake tangu 1901, tena kuhusu mashine ya kukuzia picha iliyonyoosha majengo yaliyoinama. Scheimpflug mwenyewe alimtaja katika maandishi yake. Waliokuja baadaye ndio waliomsahau. Kwa haki ya Biashara Street, mtaa wa majengo na si wa maputo, jina lingekuwa la Carpentier.

Kamera ndogo zilipoenea, ufundi huo ukapotea. Nikon waliurudisha nusu mwaka 1962 kwa lenzi ya kusogeza, Canon wakaukamilisha 1973 kwa lenzi inayosogea na kuinama. Bei yake haikuwa ya kila mtu.

Mombasa nayo ilikuwa imeshazama studioni. Kitabu cha Heike Behrend cha 2013 kuhusu upigaji picha wa pwani kinampa N. V. Parekh, aliyefungua studio mjini miaka ya 1940, heshima anayostahili. Tatizo ni kwamba tumebaki na nyuso, mapazia na mapozi. Kuta za nje zikaachiwa watalii na kadi zao za posta.

Siku hizi programu ya simu hunyoosha kuta kwa kidole. Hunyoosha kwa kuvuta picha: ukali wa juu hupungua, na uwiano wa kimo na upana huweza kupotoka. Fundi anayetaka kurudishia roshani ya mbao iliyooza anahitaji picha anayoweza kuipimia rula, na Mji wa Kale, unaohesabiwa eneo la hifadhi tangu 1990, unastahili mpiga picha mmoja wa kudumu mwenye lenzi ya kusogea na kuinama, alipwe na kaunti.