Tanuri la Mtaa: Historia ya Shuwa katika Oman ya Ndani

Shuwa ni nyama ya mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia inayopakwa viungo, kufungwa majani na kuokwa chini ya ardhi kwa siku moja au mbili. Sehemu nyingi za Oman huila wakati wa Idi. Katika vijiji na mitaa ya kale ya mikoa ya Dakhiliyah na Sharqiyah, kandokando ya Nizwa na Ibra, desturi ni kwamba nyumba moja haipiki shuwa peke yake. Tanuri ni la mtaa, na kila anayetia nyama yake humo ana kazi ya kufanya.

Asili ya ushirika huu inaeleweka ukiitazama nchi yenyewe. Ni nchi kavu, na kijiji hukaa pale falaji, yaani mfereji wa maji wa jadi, inapofika. Falaji Daris ya Nizwa, Al-Khatmein ya Birkat al-Mawz na Al-Jeela iliyo karibu na Sur ni miongoni mwa falaji tano zilizoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Maji ya falaji hugawanywa kwa muda: mwenye hisa moja, iitwayo athari, huyapata kwa takribani nusu saa, kisha humwachia wa zamu inayofuata, na wakili husimamia hesabu na matengenezo. Watu walioishi kwa mpango huo karne baada ya karne hawakuona ugumu kushirikiana moto pia. Kuni nazo zilikuwa haba. Msamri, mti wa miiba wenye makaa makali, hukua polepole sana, na moto mmoja mkubwa unaowatosha majirani wote huokoa kuni ambazo kila nyumba ingeziteketeza peke yake.

Tanuri huwa ni shimo lenye kina cha kimo cha mtu au zaidi, kuta zake zimejengwa kwa mawe na udongo. Kujiunga hakuna masharti makubwa. Mwenye makazi au asili mtaani huchangia kuni au fedha, na vijana wake hufika siku ya kazi. Nyama hubaki mali ya mwenyewe. Nyumbani hukatwa, hupakwa viungo, hufungwa kwa majani ya mgomba, kisha hutiwa ndani ya kanda lililosukwa kwa makuti ya mtende, aina ileile iliyotumika kufungia tende. Kanda hutiwa alama ya mwenyewe, kwa kuwa likitoka limeungua nje halitofautiani na la jirani.

Moto huwashwa saa kadhaa kabla, hadi mawe yapate joto la kutosha na kuni ziwe makaa. Hapo ndipo kazi inapokuwa ya hatari na ya haraka. Makanda yote hutupwa ndani kwa mkupuo, kifuniko hufuata papo hapo, na kingo zake huzibwa kwa udongo mbichi. Wenye zamu hukagua kama kuna moshi unaopenya na kuziba kila ufa, kwa sababu hewa ikiingia makaa hufufuka na nyama hugeuka majivu. Hasara hiyo haichagui: ufa mmoja huunguza makanda ya wote. Hii ndiyo nguzo ya desturi nzima. Anayezembea zamu yake huhatarisha Idi ya mtaa, na hakuna awezaye kufunua mapema kwa sababu ana wageni. Saa ya kuteremsha na saa ya kuopoa hukubaliwa na wote.

Aghalabu siku ya kwanza ya Idi huliwa arsiya au harisi, vyakula vya nafaka iliyopondwa na nyama, kisha mishakiki, na shuwa huja siku ya pili au ya tatu. Mpangilio hutofautiana toka wilaya hadi wilaya, na kila mji huutetea wake.

Viungo vya shuwa vina historia ya bahari. Kitunguu thomu, giligilani na bizari vinapatikana katika nchi nyingi za Kiarabu. Mdalasini, iliki na pilipili manga vilitoka Bara Hindi na visiwa vyake. Karafuu ni habari ya Unguja. Saleh bin Haramil al-Abri, wa kabila lenye makao yake al-Hamra katika Dakhiliyah, hutajwa kuwa ndiye aliyeipeleka mikarafuu Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, kabla mtawala wa Oman na Zanzibar, Seyyid Said bin Sultan, hajaeneza mashamba ya karafuu. Majahazi ya bandari ya Sur yalishuka Afrika Mashariki na kaskazi yakiwa na tende na samaki wakavu, yakarudi na kusi yakiwa na boriti na karafuu. Majumba ya mtaa wa Minzfah huko Ibra ni kumbukumbu ya utajiri wa biashara hiyo.

Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka Oman mwaka 1970, familia nyingi zenye asili ya Oman zilirudi huko zikizungumza Kiswahili. Wakati huohuo desturi ya tanuri la mtaa ilianza kubadilika: barabara na mishahara viliwavuta vijana wa Oman ya ndani kwenda Muscat. Wenye nyumba mpya wengi wamechimba tanuri lao uani, makanda ya waya au gunia yamechukua nafasi ya makuti, na mikahawa ya mjini huuza shuwa mwaka mzima. Matanuri ya mtaa yamesalia pale watu wanaporudi kwao Idi ya Mfunguo Mosi na ya Mfunguo Tatu, na kuni, ulinzi wa kifuniko na kuopoa makanda bado hugawanywa miongoni mwao.