Jean-Michel Basquiat

Jean-Michel Basquiat (22 Desemba 1960 – 12 Agosti 1988) alikuwa mchoraji wa Marekani aliyekutanisha grafiti, katuni na sanaa ya makumbusho katika turubai moja. Alizaliwa Brooklyn, New York. Baba yake alitoka Haiti, na mama yake alikuwa wa ukoo wa Puerto Rico. Mama ndiye aliyemzoesha makumbusho tangu utotoni. Mwaka 1968 mtoto aligongwa na gari akatolewa bandama, na alipokuwa amelazwa mama alimpa kitabu cha anatomia cha Gray. Mafuvu, mifupa na viungo vilivyoandikwa majina vilijaa katika michoro yake hadi mwisho.

Alipokuwa mdogo alitaka kuwa mchora katuni. Akiwa kijana, yeye na rafiki yake wa shule Al Diaz walianza kuandika kwenye kuta za Manhattan ya chini sentensi fupi za mafumbo na kejeli, zikiwa na saini ya SAMO. Kutokana na hayo aliitwa msanii wa grafiti, jina linalompunja. Wachoraji wa grafiti wa siku hizo walijulikana kwa majina makubwa yenye rangi waliyopaka kwenye mabehewa ya treni. SAMO ilikuwa maandishi ya kusomwa.

Neno ndilo lilibaki kiini cha kazi yake. Tazama *Horn Players* ya 1983, yenye vipande vitatu. Mwanamuziki wa jazi Charlie Parker yuko upande mmoja na saksafoni, mwenzake Dizzy Gillespie upande wa pili na tarumbeta, na kandokando yao kuna maneno kwa herufi kubwa, kama ukurasa wa katuni uliovunjiwa visanduku vyake. Limo jina la Pree, binti wa Parker aliyefariki akiwa mdogo. Maneno mengine yamepigwa mstari. Basquiat alieleza kwamba alikata maneno ili yatazamwe zaidi. Mkwaruzo wake unakumbusha mchoraji Cy Twombly, na nyuso zake Picasso, lakini taji lenye ncha tatu aliwavika mabondia na wanamuziki weusi, watu ambao kuta za makumbusho ziliwasahau.

Mwaka 1982, akiwa na miaka 21, alishiriki maonyesho ya sanaa ya Documenta 7 mjini Kassel, Ujerumani. Mwaka uliofuata Michael Stewart, kijana mweusi, alifariki baada ya kukamatwa na polisi kwa madai ya kuchora grafiti katika kituo cha treni. Basquiat alichora kifo hicho kwenye ukuta wa studio ya msanii mwenzake Keith Haring. Alichora pia pamoja na msanii Andy Warhol, na mwaka 1986 kazi zake zilionyeshwa Abidjan, Kodivaa.

Alifariki New York kwa kuzidisha heroini, akiwa na umri wa miaka 27. Mei 2017 fuvu alilolichora mwaka 1982 liliuzwa mnadani kwa dola milioni 110.5. Kazi zake nyingi zimo mikononi mwa watu binafsi. *Horn Players* imo katika makumbusho ya The Broad, Los Angeles.