Herufi Zilizotoka Parma

Itazame M kubwa ya Bodoni. Mguu wa kushoto mwembamba, utadhani hauwezi kubeba chochote. Mshazari unaoshuka ni mnene, unaopanda ni mwembamba, mguu wa kulia mnene tena. Unene na wembamba vinakutana ghafla, bila kubembelezana.

Aliyeichonga, Giambattista Bodoni, alizaliwa Saluzzo, kaskazini mwa Italia, mwaka 1740, mtoto wa mchapaji. Ujanani alifanya kazi Roma, katika kiwanda cha uchapaji cha Propaganda Fide, idara ya Kanisa Katoliki iliyosimamia umisheni. Huko alizoea hati za mataifa mengi. Alitoka akikusudia kwenda Uingereza kwa mchapaji John Baskerville, lakini maradhi yakamkwamisha nyumbani. Mwaka 1768 mtawala wa Parma akamwita aongoze kiwanda chake, naye akaishi huko hadi alipofariki mwaka 1813.

Watu husifu mkono wake, na wana haki. Mimi naanza na karatasi. Mstari mwembamba namna ile, ukiupiga kwenye karatasi yenye mikunyo, unakatika au unavimba. Baskerville alikwisha kuonyesha njia kule Birmingham: karatasi laini iliyobanwa kwa mabamba ya moto, na wino mweusi tii. Bodoni, na wachapaji wa ukoo wa Didot jijini Paris, wakaifuata wakaipita. Herufi ilichongwa kwenye ncha ya chuma cha pua, chuma kikagongwa kwenye shaba ili kupata kalibu, kalibu ikamiminiwa risasi iliyoyeyushwa. Halafu Bodoni akaacha pambizo pana, nyeupe, hazina hata ua la kupambia. Kwangu mimi ubwana wa kurasa zake uko hapo, kwenye nafasi isiyochapwa kitu.

Kitabu chake kikuu cha vielelezo, Manuale tipografico, hakukiona kikikamilika. Mjane wake, Margherita, ndiye aliyekitoa mwaka 1818, juzuu mbili.

Karne ya 20 majarida ya mitindo yalizidaka herufi za aina hii. Majina ya Vogue na Harper's Bazaar kwenye majalada yao yako katika herufi za mtindo wa Didot. Hapo ndipo wateja wangu wa kadi za harusi walipoziona, hata kama hawajui zinaitwaje; wao husema tu, "Fundi, niwekee ile herufi ya kitajiri."

Naiweka, ila kwa majina ya maharusi peke yake, makubwa, yenye nafasi ya kutosha pande zote. Msanifu mwenzangu, namba za simu za kamati usizipange kwa Bodoni ndogo ya rangi ya dhahabu. Vile vistari vyembamba vitamezwa, 3 itasomeka 8, na mchango wa watu utakwenda kwa mtu asiyehusika. Tafuta herufi nene kiasi, ya kawaida, ambayo babu ataisoma bila kuulizia miwani.