Vitabu vinne juu ya chakula, jamaa na historia: toka Masisi na Walikale mpaka Marekani

Mu Masisi, swali la nani alilima shamba wa kwanza linaweza kuvunja jamaa nzima. Mu Walikale mara nyingi ni msitu: nani anatega, nani anapanda ndizi. Vijana waliokulia Goma au kwenye kambi za wahami wanasikia majibu nusunusu, tena wakati wa hasira. Vitabu hivi vinne havimalizi mabishano, lakini vinasaidia kujua mambo yalianzia wapi.

Rights in Land and Its Resources among the Nyanga (1966)
Daniel Biebuyck, Mbelgiji, aliishi na Banyanga wa Walikale miaka ya 1950. Anaeleza jinsi udongo, uwindaji na mashamba ya ndizi vinavyofuata ukoo, na kazi ya mwami ndani yake. Msomaji anaona kwamba msitu unaoitwa mtupu ulikuwa na wenyewe. Akumbuke tu kwamba ni kazi ya mgeni, ya wakati wa ukoloni.

The Mwindo Epic (1969)
Biebuyck na Kahombo Mateene, mwana wa Banyanga, waliandika hadithi ya Mwindo kama ilivyoimbwa na mzee Shekarisi Rureke kwa siku 12 mwaka 1956. Hadithi si historia, lakini utangulizi na maelezo yake ni hazina juu ya maisha ya Banyanga. Yenyewe inahusu jamaa: baba hataki mtoto mwanaume, kwa sababu wasichana wanaleta mahari. Shangazi Iyangura ndiye anawaketisha baba na mtoto mbele ya watu. Mwishoni Mwindo anawaagiza watu walime vyakula vingi na waache ugomvi. Maneno ya Kinyanga yenyewe yamo pia.

North Kivu (2012)
Ripoti hii ya Jason Stearns, ya Rift Valley Institute, ni fupi na inapatikana bure kwenye intaneti. Inaeleza namna Wabelgiji, kati ya 1937 na 1955, walivyoleta watu toka Rwanda mpaka Masisi, kwa sababu kule watu walikuwa wengi na njaa ilikuwa inarudi, na huku mashamba makubwa ya wazungu yalihitaji wafanyakazi. Makadirio ya kawaida ni watu karibu 85,000. Baadaye, mwaka 1973, Mobutu alitaifisha mashamba ya wageni, na wakubwa wakajigawia. Mwaka 1993 vita ikaanzia soko la Ntoto, Walikale. Anayesoma anaona kwamba mkulima wa Kihunde na mkulima wa Kihutu, wote wawili, walipangiwa maisha na watu waliokaa mbali.

The Cooking Gene (2017)
Michael W. Twitty ni Mmarekani mweusi. Karatasi za watumwa mara nyingi hazikuandika majina ya mababu zake, basi akawatafuta kwa njia ya sufuria: alisafiri majimbo ya kusini, akapika walivyopika, akapima damu ya ukoo wake. Mahali karatasi zimenyamaza, chakula kimesema. Kwa jamaa iliyoacha nyumba na vitambulisho vikiungua, njia hiyo inaeleweka.

Shida ni lugha: vyote vinne viliandikwa kwa Kiingereza, ingawa ripoti ya Stearns ipo pia kwa Kifaransa. Lakini kazi ya Twitty inaweza kuanzia nyumbani, na daftari moja. Muulize bibi: mlikula nini kabla ya kukimbia? Nani alikufundisha kupika sombe vile? Shamba lilipakana na nani? Andika majina yote, hata ya jirani wa kabila lingine. Si kwa kudai udongo. Ni ili mtoto aliyezaliwa kambini ajue kwao kulikuwa na jiko, na jirani aliyeomba moto.