Tiba Mseto ya Retina

Visiwani Zanzibar, neno mseto liliingia hospitalini kwa nguvu mwaka 2003, artesuneti na amodiakwini zilipoanza kutolewa pamoja kutibu malaria. Asili yake ni jikoni: mchele na choroko katika sufuria moja. Katika magonjwa ya macho, tiba mseto ni matumizi ya tiba mbili au zaidi kwa jicho moja, nazo mara nyingi hupishana kwa siku au wiki.

Kisukari kikikaa mwilini miaka mingi, kuta za mishipa midogo ya damu kwenye retina hudhoofika. Mishipa mingine huvuja, na katikati ya retina, panapotumika kusomea, pakavimba. Mingine huziba. Sehemu iliyokosa oksijeni hutoa protini ya VEGF, inayochochea mishipa mipya kuota, nayo ni dhaifu na hupasuka upesi. Mgonjwa huona vidoa vyeusi vikielea, au mfaa wa mlango wa Mji Mkongwe, ulionyooka, ukaonekana umepinda.

Sindano ya bevacizumab, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana, huizuia VEGF. Jicho hutiwa matone ya ganzi, husafishwa kwa ayodini, kisha sindano nyembamba hupitishwa kwenye weupe, milimita 3.5 hadi 4 kutoka ukingo wa sehemu nyeusi. Hufanya kazi haraka, lakini nguvu yake huisha baada ya wiki chache. Leza huchoma vidoa pembezoni mwa retina ili mahitaji ya oksijeni yapungue, na VEGF nayo ipungue. Huchelewa kuonyesha matokeo, ila hudumu. Damu isipoondoka, au makovu yakiivuta retina, hufuata upasuaji.

Kwa mtu anayetoka mbali, Makunduchi au Nungwi, mpangilio huu ni jambo zito. Anayetegemea sindano peke yake akikosa nauli miezi kadhaa, mishipa huweza kuota tena; aliyekwisha kupigwa leza ana kinga inayobaki. Ndiyo maana daktari hupima nguvu ya dawa, na hapohapo humuuliza mgonjwa kama ataweza kurudi.

Sukari na shinikizo la damu lazima vidhibitiwe pia, la sivyo madhara huendelea. Na kwa kuwa uoni uliopotea haurudi wote, kila mwenye kisukari aombe mboni zake zitanuliwe na retina ikaguliwe kila mwaka, hata kama bado anasoma msahafu bila miwani.