Safari ya Mirembe

Sisi tuliokulia Misigiri, tusi letu kubwa lilikuwa jina la hospitali. Ukimkera mwenzio pale njiapanda, magari yanapokata kwenda Kiomboi, anakurushia: "Wewe dawa yako Mirembe!" Watu wanacheka. Nami nilicheka mpaka siku mjomba wangu alipopakiwa kwenye basi, mikono imefungwa kwa kamba ya katani, anapelekwa Dodoma. Alirudi, akaishi miaka minne, akafariki. Msibani wanawe wawili waliambiwa: "Msilie sana, msije mkawa kama baba yenu."

Ndugu msomaji, tangu siku hiyo swali moja limenikaa rohoni: kwa nini tiba ya akili iko mbali na sisi kiasi hiki? Basi nikaanza kufukua historia.

Mwanzoni mwa karne ya 20 wamisionari wa Kijerumani walianza kulaza wagonjwa wa akili huko Lutindi, kwenye milima ya Usambara, mahali palipokuwa kwanza makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1927, enzi za Waingereza, ikajengwa Mirembe. Ukiwa mgonjwa, unasafirishwa. Na anayesafirishwa mbali, nyumbani huzoeleka kutajwa kwa kunong'ona.

Baada ya Uhuru wa 1961 wataalamu wetu hawakulala. Vilianzishwa vijiji ambamo wagonjwa waliishi na kulima, badala ya kukaa wodini mwaka hadi mwaka. Kisha miaka ya 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, ukaanza mpango wa kuifikisha huduma ya akili hadi kwenye zahanati. Mikoa ya kuanzia ilikuwa Morogoro na Kilimanjaro. Singida tukabaki na basi letu.

Sasa twende Kilimanjaro hiyo hiyo, miaka mingi baadaye. Mwanasaikolojia Shannon Dorsey wa Chuo Kikuu cha Washington, huko Seattle, amejenga kazi yake ya utafiti juu ya swali linalofanana na langu: tiba ya mazungumzo inayojulikana kufaa, nani ataitoa mahali pasipo na mtaalamu? Yeye na wenzake, akiwemo Karen O'Donnell wa Chuo Kikuu cha Duke, walianza Moshi na watoto 64 waliofiwa na wazazi. Baadaye wakapanua: watoto 640, wa miaka 7 hadi 13, Moshi na Bungoma nchini Kenya, mjini na vijijini.

Washauri hawakuwa madaktari, bwana. Walikuwa watu wa kawaida ambao hawakuwahi kutibu akili ya mtu. Walifunzwa, wakasimamiwa na wenyeji wenzao waliotangulia kuijua kazi. Watoto walikutana kwa vikundi mara 12, na walezi wao nao wakahudhuria. Mtoto alifundishwa kuutuliza mwili, kuuita msiba msiba, na kusimulia jinsi mzazi wake alivyokufa, akiwa peke yake na mshauri. Watoto wengine, waliopangwa kwa kura, waliendelea na misaada ya kawaida ili ulinganisho uwe wa haki.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Katika sehemu tatu kati ya nne, waliokuwa kwenye vikundi walipata nafuu zaidi tiba ilipokwisha. Baada ya mwaka mmoja, tofauti hiyo ilidumu Kenya. Tanzania wale wengine nao walikuwa wamepata nafuu, wakalingana. Siyafichi haya. Mtafiti anayesema pia pale hesabu ilipokataa, huyo namwamini. Huko Bungoma kazi iliendelea, walimu wa shule na wahudumu wa afya wa kujitolea wakawa ndio washauri.

Mjomba alihitaji daktari na dawa. Kikundi peke yake kisingemtosha. Lakini wale wanawe wawili je? Misigiri tuna walimu. Tuna akina mama wa kwaya ambao kila msiba wapo, wanapika na kukesha. Kilichokosekana siku ile ni mtu mmoja aliyefunzwa kuwaambia watoto wale kwamba kulia si dalili ya wazimu.

Washikaji zangu mnaoandika, nasi tuna deni. Ni michezo mingapi ya kuigiza tumeandika, kichaa akaingizwa jukwaani ili watu wacheke tu? Mimi mwenyewe ninayo miwili, na nimeichana.

Juzi nilimwomba binamu yangu, yule mkubwa, anisimulie siku ya kamba. Alikaa kimya kidogo, akaniuliza kama nina haraka. Nikamwambia sina. Tuliagana saa nane usiku.